Utafiti wa ubongo na usonji: Ni nani huitwa, nani huachwa?

WAZAZI wa watoto wenye usonji jijini Nairobi huenda wamewahi kusimamishwa nje ya kliniki au kwenye lango la shule na kijana aliyebeba faili, akawaomba dakika chache za kuzungumza. Kwa kawaida kijana huyo si daktari, wala si muuzaji wa dawa. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayetafuta watoto wa kushiriki katika utafiti wa ubongo. Mzazi huelezwa mambo mengi kwa muda mfupi, na mara nyingi hukubali au hukataa kabla hajaelewa vyema alichoombwa.

Mimi nimekuwa mwanafunzi wa aina hiyo. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu nilitafuta washiriki wa utafiti wa shahada yangu ya uzamili, uliochunguza jinsi ubongo wa mtoto mwenye usonji unavyopokea sauti, ukilinganishwa na ubongo wa mtoto asiye na hali hiyo. Nilihitaji watoto 20 katika kila kundi, wenye umri wa kati ya miaka sita na 12. Makala haya yanahusu namna watoto hao wanavyotafutwa, kwa sababu hapo ndipo matokeo ya utafiti huanza kuwa ya kweli au ya kupotosha, hata kabla mashine haijawashwa.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza wala si wazimu. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema utotoni, nayo huathiri jinsi mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Leo Kanner, daktari wa watoto na magonjwa ya akili aliyekuwa akifanya kazi Baltimore, Marekani, alieleza hali hiyo katika makala ya mwaka wa 1943 kuhusu watoto 11. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka wa 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Hadi leo hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kumwambia mzazi kwamba mtoto wake ana usonji. Mtaalamu aliyefunzwa hutambua hali hiyo kwa kumtazama mtoto, kucheza naye na kumhoji mzazi kuhusu makuzi yake. Utafiti wa ubongo hulinganisha makundi ya watu. Tofauti inayoonekana kati ya makundi mawili haimwambii mtu lolote la hakika kuhusu mtoto mmoja aliyeketi mbele yake.

Jambo hilo nililirudia mara nyingi kuliko jingine lolote, na ndilo lililokuwa gumu zaidi kupokelewa. Mama mmoja aliyefika na mwanawe wa miaka minane alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akaniuliza, "Sasa daktari, mkishaona palipoharibika mtaparekebisha lini?" Nilimjibu kwamba mimi si daktari, mama, na kwamba kipimo chenyewe hakitatibu chochote wala hakitampa majibu ya kwenda nayo nyumbani. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza mbona basi alipanda magari mawili kuja. Lilikuwa swali la haki. Fomu yetu ilikuwa imeandikwa "utafiti" kila mahali, lakini kwa mzazi ambaye amezunguka hospitali kwa miaka mitatu akitafuta msaada, mtu yeyote mwenye kalamu na mashine ni daktari, na kupimwa ni mwanzo wa matibabu. Mama huyo alirudi nyumbani bila kutia sahihi. Wiki mbili baadaye alikuja tena, safari hii pamoja na mumewe, wakiwa wamejadiliana, na wakakubali.

Kofia yenye nyaya

Kipimo nilichotumia ni EEG. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme hafifu mno, na kipimo hicho huunasa kupitia ngozi ya kichwa kwa vidude vidogo viitwavyo elektrodi. Hans Berger wa Ujerumani ndiye aliyerekodi umeme huo kutoka kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka wa 1924, akachapisha matokeo yake mwaka wa 1929. Siku hizi elektrodi 32, 64 au hata 128 hushonwa kwenye kofia ya kitambaa, na kila moja hutiwa jeli au sifongo yenye maji ya chumvi. Kofia hiyo haiingizi umeme kichwani. Haichomi wala haidungi, na mtoto huivaa akiwa ameketi kwenye kiti au amepakatwa na mamake.

Mashine ya MRI hutoa picha bora zaidi ya umbo la ubongo, lakini masharti yake ni makali. Mtu hulala ndani ya sumaku kubwa yenye kelele za kugonga, naye hatakiwi kutikisa kichwa. Mwaka wa 2012 watafiti kutoka sehemu mbalimbali za Marekani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, walionyesha kwamba kutikisika kidogo tu, hata kwa chini ya milimita moja, huzua ishara za uongo: sehemu za ubongo zilizo karibu huonekana zimeungana sana, nazo zilizo mbali huonekana zimeachana. Bahati mbaya, hivyo hasa ndivyo baadhi ya wataalamu walivyokuwa wakieleza ubongo wenye usonji. Ikawa lazima kuuliza ni kiasi gani cha matokeo ya awali kilitokana na usonji, na ni kiasi gani kilitokana na mtoto kuhangaika ndani ya mashine.

Jibu la maabara nyingi limekuwa kuchagua watoto wanaoweza kutulia, yaani wenye maneno, wanaofuata maagizo na ambao hawaogopi kelele. Huko ni kurekebisha picha kwa kumwacha nje mtoto ambaye wazazi wake ndio wanaohitaji majibu zaidi. Mwaka wa 2019 watafiti walioongozwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walipitia tafiti 301 za usonji zilizochapishwa mwaka wa 2016. Waligundua kwamba asilimia 94 ya washiriki wenye usonji hawakuwa na ulemavu wa kiakili, ilhali ulemavu huo huwapata wengi wenye usonji. Wavulana nao huwa wengi kupita kiasi. Mradi wa kimataifa wa ABIDE, uliokusanya picha za ubongo kutoka vituo 17 na kuzitoa kwa watafiti wote mwaka wa 2012, una kumbukumbu za watu 1,112. Kati yao 539 wana usonji, na wengi mno wa hao 539 ni wa kiume.

Malangoni

Mwanafunzi hawezi kuingia tu shuleni akaanza kuhesabu watoto. Kwanza pendekezo lake hupitiwa na kamati ya maadili ya utafiti, kisha huomba leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2013. Baada ya hapo hutafuta ruhusa ya ofisi ya elimu ya eneo hilo, mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa. Kila lango lina haki ya kumrudisha. Mwalimu mkuu mmoja aliniambia kwamba wanafunzi watatu walikuwa wamekwisha kupita kwake kabla yangu, wote wakaahidi kuleta ripoti, na hakuna aliyerudi. Niliketi nje ya ofisi yake Jumatatu tatu mfululizo kabla hajanikubalia, na sikuona kwamba alinionea.

Nairobi haina vitengo vingi vya kuwafundishia watoto hawa. Kile cha City Primary School, kilichoanza mwaka wa 2003, kinafahamika, na vimekuwapo vingine vya serikali na vya watu binafsi. Kwa kuwa ni vichache, familia zile zile huombwa tena na tena na kila mtafiti, huku mtoto aliyefichwa nyumbani kule mtaani asijulikane na yeyote. Hilo si geni. Mtafiti Victor Lotter alizunguka katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, akitafuta watoto wenye usonji katika taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili, na mwaka wa 1978 akachapisha kwamba kati ya watoto zaidi ya 1,300 aliwapata tisa. Wapo waliosoma takwimu hiyo wakasema usonji ni nadra kwa Mwafrika. Lakini mtoto asiyepelekwa taasisi yoyote hangeweza kuhesabiwa humo.

Katika kumtafuta mtoto kama huyo, vikaratasi vya tangazo havikunisaidia sana. Kilichosaidia ni wazazi wenyewe. Mama mmoja aliyeridhika na jinsi mwanawe alivyotendewa alimwambia mwenzake kanisani, naye akamwambia jirani. Kuna pia wasiwasi ambao karatasi haiwezi kuuondoa, kwamba mashine inanyonya akili, au kwamba picha za mtoto zitauzwa ng'ambo. Pwani kuna hofu ya miaka mingi ya mumiani, anayesemekana kuchukua damu za watu. Kule Kilifi, ambako KEMRI imekuwa na kituo cha utafiti pamoja na Wellcome Trust tangu mwaka wa 1989, kuna wawakilishi waliochaguliwa na jamii, wanaopeleka maswali ya wananchi kwa watafiti na kurudisha majibu. Mwanafunzi mmoja hana uwezo wa kuunda chombo kama hicho. Hata hivyo, anaweza kumwomba mzazi aliyewahi kushiriki aketi karibu naye anapoulizwa maswali.

Nywele na nauli

Nywele ndizo zilizonikosesha wasichana wengi kuliko sababu nyingine yoyote. Lazima elektrodi iguse ngozi ya kichwa. Mvulana aliyenyolewa kwa ajili ya shule huvaa kofia, na baada ya robo saa yuko tayari. Msichana aliyesukwa kwa nywele za bandia hawezi kupimwa mpaka afumuliwe. Mama aliyemlipa msusi Jumapili, akamshika kwa saa tatu mtoto asiyependa kuguswa kichwa, hana sababu ya kuifumua kazi hiyo Jumanne kwa ajili ya shahada ya mtu mwingine. Kofia hizi zilibuniwa kwa nywele laini za Wazungu, na kasoro hiyo imewaacha watu weusi nje ya tafiti nyingi hata huko Marekani. Mwaka wa 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walieleza vibanio walivyobuni vya kushikilia elektrodi kati ya mistari ya nywele zilizosukwa karibu na ngozi. Maabara yetu haikuwa navyo. Nilichofanya ni kuwaomba akina mama wanipigie simu siku wanayofumua nywele ili mtoto asukwe upya, nasi tukaibadilisha ratiba yetu iifuate ya msusi. Wasichana wanne walipatikana kwa njia hiyo.

Nauli nayo ina hesabu yake. Mtoto asiyestahimili kelele hawezi kupanda matatu yenye muziki wa kutikisa vioo, kisha ashuke akiwa mtulivu kwa kipimo cha sauti! Baadhi ya wazazi walikuja Jumapili alfajiri ili wapate gari lisilo na vurugu, na wengine walilipia viti viwili ili mtoto asibanwe. Kamati ya maadili iliruhusu warudishiwe nauli na kupewa chai, basi. Kumlipa mzazi fedha nyingi ni kumfunga mdomo, maana aliye na shida atakubali lolote na hatathubutu kuondoka katikati. Kutomrudishia chochote nako ni kusema kwamba utafiti huu ni wa wenye magari.

Kundi la kulinganishia ndilo lililonishangaza. Nilitarajia wazazi wa watoto wasio na usonji wasiwe na wasiwasi, ilhali hao ndio waliokataa kwa ukali. Wengine walidhani mtoto wao anashukiwa. Wengine hawakutaka jina lake liandikwe katika faili moja na "wale". Baba mmoja alisema waziwazi kwamba hataki mwanawe avae kofia iliyovaliwa na mtoto mgonjwa, nami nikamweleza kuwa usonji hauambukizwi na kwamba kofia husafishwa kwa dawa kila baada ya mtoto. Hakukubali.

Anayesema ndiyo

Kwa mtoto, idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Jijini, kumjua mlezi si rahisi jinsi fomu inavyofikiri. Nyanya mmoja alimleta mjukuu wake wa kike ambaye mamake alikuwa akifanya kazi za nyumbani Saudi Arabia. Nyanya alikuwa tayari kutia kidole gumba, na mtoto alikuwa ametulia, tena siku hiyo nywele zilikuwa zimefumuliwa. Lakini hapakuwa na maandishi yoyote yaliyomtambua kama mlezi, na mama alikuwa hai na anapatikana kwa simu. Ilibidi tusubiri hadi usiku, mama amalize kazi, nami nikamsomea fomu nzima kwa Kiswahili huku nyanya akisikiliza. Swali lake lilikuwa moja tu, kama mtoto atalia. Nilimwambia kwamba akilia tutaacha.

Ahadi hiyo ndiyo ngumu zaidi kutimiza. Mtoto asiyesema hawezi kutamka "sitaki", lakini ana njia zake: husukuma mkono, hugeuza kichwa, huziba masikio, hukakamaa. Tuliwapa wazazi kofia ya kuogelea waende nayo nyumbani, mtoto aizoee kwa dakika moja, kisha tano, kisha kumi. Wengi walizoea. Wapo ambao hawakuzoea, na siku moja mama aliyetaka sana kunisaidia alimkumbatia mwanawe kwa nguvu na kuniambia nimvike upesi. Muhula ulikuwa unakwisha, nami nilikuwa bado na upungufu wa watoto watano. Nilizima mashine. Mama alikasirika, akaona safari yake imeharibika, na nauli yake tulimrudishia kama wengine wote.

Anayetaka kuona ubaya wa kutafuta washiriki ovyo atazame kisa cha Andrew Wakefield. Mwezi Februari 1998 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha ripoti yake na wenzake kuhusu watoto 12, iliyodokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Baraza la Matibabu la nchi hiyo lilipochunguza, lilibaini kwamba baadhi ya watoto hawakufika hospitalini kwa njia ya kawaida iliyodaiwa, kwamba fedha zilitoka upande wa mawakili wa wazazi waliokuwa wakijiandaa kuwashtaki watengenezaji wa chanjo, na kwamba Wakefield aliwahi kuwapa watoto pauni tano kila mmoja ili watolewe damu kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe. Mwaka wa 2010 makala hayo yalifutwa, naye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Uchunguzi wa Denmark wa mwaka wa 2019, uliofuatilia watoto 657,461, haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo hiyo na usonji. Hata hivyo, karibu kila mzazi niliyezungumza naye aliniuliza kuhusu chanjo.

Mwishoni nilipata watoto 17 wenye usonji, watatu kati yao wakiwa hawasemi, na 20 wa kulinganishia. Msimamizi wangu alinitaka niandike jedwali jingine la wale ambao hawakupimwa na sababu ya kila mmoja: nywele, kifafa na dawa zake, umbali, baba kukataa, mtoto kukataa. Jedwali hilo lilikuwa refu kuliko lile la matokeo. Kwa maoni yangu ndilo ukurasa wa maana zaidi katika tasnifu nzima, kwa kuwa linamwonyesha msomaji ni watoto gani ambao matokeo yetu hayawahusu.

Mzazi akijiwa na mwanafunzi, na aombe kuona barua ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, zote zikiwa hazijapitwa na muda. Asomewe fomu kwa lugha anayoielewa, aende nayo nyumbani, na abaki na nakala yenye nambari ya simu ya kamati, si ya mwanafunzi peke yake. Aulize kama kipimo kikionyesha dalili ya jambo jingine, kwa mfano kifafa, ataambiwa na nani na ataelekezwa wapi. Anaweza kujiondoa wakati wowote bila kutoa sababu, na kliniki au shule ya mtoto haipaswi kumhudumia vibaya kwa ajili hiyo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inampa haki ya kujua rekodi za mtoto zinahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani mwingine atapewa. Katika utafiti wetu jina la mtoto liliondolewa na kuwekwa nambari, nayo orodha ya kulinganisha majina na nambari ilifungiwa kabatini. Baada ya orodha hiyo kuharibiwa, hata sisi hatuwezi kujua rekodi ipi ni ya nani, kwa hivyo mzazi anayetaka rekodi ya mwanawe ifutwe anapaswa kuuliza mapema tarehe ambayo orodha hiyo itaharibiwa.